Meza ya chakula kwenye sebule ya futi 10 kwa 12: kuingia itaingia, lakini mtakaa wapi?

*"Fundi, shikamoo. Tumepanga nyumba Tabata, vyumba viwili na sebule. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 5, kwa hiyo tuko wanne. Sebule ni futi 10 kwa 12. Ina sofa seti ya watu saba niliyozawadiwa kwenye sendofu yangu, TV na kabati lake, na friji, maana jikoni haikuenea. Mlango wa mbele uko kwenye ukuta mfupi, upande wa kulia ukiingia. Korido ya kwenda vyumbani na jikoni iko ukuta wa mkabala, upande huohuo wa kulia. Ukuta wa kushoto umejaa sofa mwanzo mpaka mwisho. Mwezi ujao mama mkwe anakuja kutoka Muheza kwa matibabu ya magoti, atakaa kama miezi miwili, na kukaa chini kwenye mkeka hawezi tena. Nimeona Keko meza ya kioo ya watu sita, nimeipenda sana. Muuzaji kaniambia, 'Itaingia tu dada, hata ya watu nane inaingia.' Rafiki yangu anasema nichukue ya mviringo, haili nafasi. Mume wangu anasema nitapoteza hela bure, tuvumilie mkeka mpaka tuhamie kwetu Chanika tunakojenga mdogo mdogo. Dada wa kazi naye kasikia kioo, anasema hicho kitamtoa kazini. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu ya watu kabla ya hesabu ya futi. Umeandika mko wanne. Mistari michache chini akatokea mama mkwe, halafu mwisho kabisa akatokea dada wa kazi. Kwangu mimi hapo mko watano siku zote na sita bibi akiwepo. Sijui kwako dada anakula wapi na wala si kazi yangu kukuuliza, lakini mimi nikichora meza namhesabu kila anayelala kwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo jibu hili lote ni la watu sita.

Unachoniuliza, nikikielewa vizuri, si kama meza itaingia. Muuzaji wako hakudanganya, meza ya watu sita inaingia. Nikikupa watu wawili wenye nguvu tunaiingiza leo jioni na mlango unafunga. Unachoogopa ni asubuhi ya pili yake: mtoto anataka kwenda chooni, baba anatoka na begi, bibi amekaa, na mtu mmoja lazima ainuke ili mwingine apite. Hofu hiyo ina msingi, na tiba yake ni futi kamba.

Mezani kinachokula chumba ni kiti. Meza ukishaiweka imetulia pale. Kiti kina maisha matatu. Kimesukumwa ndani, kinatokeza nje ya ukingo wa meza kwa sentimita 20 hivi. Mtu akiwa amekaa anakula, mgongo wa kiti uko sentimita 45 mpaka 50 kutoka ukingoni. Na pale anapoinuka, lazima akirudishe nyuma mpaka sentimita 70 au 75, la sivyo atasimama nusu, amekunja magoti, ameshika ubao wa meza kama mtu anayechungulia kisimani. Bibi mwenye magoti mabovu hiyo nusu ndiyo itakayomwangusha.

Sasa ichukue hiyo meza yako ya watu sita. Nyingi zinazouzwa ni sentimita 150 kwa 90, na nyingine zinafika 180. Ongeza 75 kila upande wa viti: upana unakuwa 240, na urefu, ukiweka mtu kila kichwa, 300. Chumba chako je? Futi 10 kwa 12 ni sentimita 305 kwa 366, lakini hizo mara nyingi ni futi za mchoro au za mdomoni mwa dalali. Toa lipu, toa sketingi ya vigae, na mara nyingi unabaki na kama 290 kwa 350. Umeona? Meza na viti vyake vimekunywa karibu sebule nzima, na sofa hatujaitaja.

Usiniamini mimi. Chukua kanga. Kanga moja ni kama mita 1.5 kwa mita 1.1, kwa hiyo ukiikunja upande mrefu kiasi cha shibiri moja, karibu sentimita 20, umepata meza ya watu sita kamili, tena na jina lake limeandikwa. Itandike sakafuni pale unapoiwazia meza. Weka viti vya plastiki pembeni yake, viazime kwa jirani kama huna, halafu mwambie kila mtu akae, avute, ainuke. Fanya hivyo wakati wa chakula cha jioni, watu wote wakiwepo. Mteja wangu mmoja wa Kimara aliitandika, akanipigia simu baada ya dakika kumi kunifutia oda. Sikumlaumu.

Huyo rafiki yako wa mviringo ana nusu ya ukweli. Mviringo hauna kona za kukugonga paja ukipita, na ukiwa na mguu mmoja wa katikati magoti yanapumua. Lakini mtu mmoja anataka kama sentimita 60 za ukingo ili viwiko visipigane. Mviringo wa sentimita 100 una ukingo wa 314, yaani watu watano kwa kukaa vizuri. Tatizo ni kwamba huwezi kuuegemeza ukutani, ukiuegemeza umepoteza watu wawili na nyuma yake kunabaki pembe mbili za kukusanya vumbi. Ukiuweka katikati unataka eneo la kama mita 2 kwa 2, na hapo watu wamekaa tu, hakuna anayepita. Sebule ya mraba iliyo wazi, nakubali mviringo. Yako ni korido pana yenye sofa, mstatili uliobanwa na ukuta utakufaa zaidi.

Na kioo? Kioo hakipunguzi hata sentimita moja. Kinachofanya ni kuliacha jicho lione sakafu chini yake, basi chumba kinaonekana kimepumua. Hiyo ni faida ya kweli kwa macho, ila kiwiko cha mtoto wa miaka 5 hakina macho. Uzito nao: kioo cha milimita 10, hata kwa meza ndogo ya 120 kwa 70, ni kilo 21. Ukiipenda kwa uzuri wake, sawa, ila hakikisha ni kile kioo kilichopashwa moto kiwandani kikawa kigumu, ambacho kikivunjika kinakuwa punje punje. Kioo cha kawaida cha dirishani kikivunjika kinatoa visu. Na dada wa kazi ana hoja. Kila alama ya kidole itakuwa kazi yake, mara tatu kwa siku.

Nije kwa baba watoto, maana naye sikubali umpuuze. Mkeka si ushamba. Watu wa pwani wamelea watoto, wamelisha wageni na wameozesha mabinti kwenye jamvi na sinia, na hakuna samani inayokunjika vizuri kama mkeka: unauviringisha, unausimamisha nyuma ya mlango, sebule imerudi. Kama isingekuwa magoti ya bibi, ningekuambia ubaki na mkeka, hela ipeleke kwenye bati za Chanika. Lakini goti lililochoka linaumia zaidi kadiri unavyokaa chini. Ukikaa chini sana, goti linakunjwa mpaka mwisho, na kuinuka lazima mapaja yabebe mwili mzima kutoka hapo. Kiti cha sentimita 45 mpaka 48 kinafuta safari ndefu hiyo. Sofa laini nayo haimsaidii, inammeza. Kwa hiyo bibi anataka kiti kigumu chenye mikono, na akishakaa kwenye kiti anataka meza iliyo mbele yake. Hapo ndipo mkeka unaposhindwa.

Pia kuna neno moja alilosema mumeo ambalo ndilo limebeba jambo lote: Chanika. Nahisi, na unisamehe nikikosea, kwamba ile meza ya watu sita hukuipenda kwa ajili ya Tabata. Uliiona ikiwa imekaa kwenye ile nyumba yenu, dirisha kubwa, vigae vipya. Nimewauzia watu wengi samani za nyumba ambazo bado ziko kwenye lenta, hazijaezekwa. Zinakaa miaka kwenye nyumba ya kupanga, zinagongwa, zinamwagiwa chai, na siku ya kuhama hazitamaniki tena. Nunua meza ya nyumba unayolala leo, na uinunue kwa namna ambayo itahama.

Sasa nije kwenye jibu lenyewe, nalo hutalipenda. Meza yako ipo, mwanangu. Umeikalia. Ni ile sofa ya watu wawili.

Najua. Ni zawadi ya sendofu, na sofa seti kwetu ni kama cheti cha ndoa kilichotundikwa sebuleni, hakivunjwi. Lakini tazama: sofa ya watu watatu ni kama sentimita 200, ya wawili 150. Zikipangwa mstari mmoja zinafika 350, ndio ukuta wako wa kushoto wote. Zile mbili za mtu mmoja mmoja kila moja ni karibu 90 kwa 90. Una viti saba vya wageni kwenye nyumba ambayo watu sita hawana pa kulia. Ondoa ya watu wawili na moja ya mtu mmoja. Zipelekee ndugu, au ziuze, au mama mkwe akirudi Muheza ziende naye kama gari lipo. Ya watu watatu ibaki palepale ukuta wa kushoto, isogee mpaka karibu na ukuta wa mlango. Ile moja iliyobaki ikae ikiegemea ukuta wa mlango, kando ya mlango wenyewe, inaenea.

Hapo kona ya ndani kushoto, upande wa ukuta wenye korido, umepata eneo la sentimita 150 kwenda urefu wa chumba na 200 kwenda upana, na kulia kwake bado kuna 90 za kupita kutoka mlangoni mpaka koridoni. Kwenye eneo hilo agiza meza ya sentimita 130 kwa 70. Kwa lugha ya fundi wa Keko ni futi 4 na inchi 3, kwa futi 2 na inchi 3 na nusu. Urefu wake kutoka chini 75. Iweke sambamba na ukuta wa korido, lakini usiigandishe ukutani. Iache sentimita 35 kutoka ukutani, na hapo nyuma pakae benchi lisilo na egemeo. Ukuta ndio egemeo.

Benchi ndilo siri ya sebule ndogo, kwa sababu halivutwi. Mtu analiingia kwa kuteleza kutoka ubavuni. Wanao wanaweza kukaa hapo na dada akakaa mwisho, sentimita 130 zinawatosha watatu wakati watoto bado wadogo: 40, 40 na 50. Ukubwa wa benchi uwe sentimita 30 kwenda ndani, na kimo 45. Wa miaka 5 atahitaji mto mgumu chini yake. Upande wa pili wa meza, wewe na baba mna viti viwili visivyo na mikono, vyepesi. Piga hesabu: 35 ya nyuma, 70 ya meza, 45 ya mtu aliyekaa, jumla 150. Imeenea bila hata kidole cha ziada, nakiri. Yule anayekaa upande wa sofa atakuwa anainuka kwa kujipindua kuelekea koridoni. Hicho kiwe kiti cha baba, kwa kuwa ndiye aliyetaka mkeka.

Bibi anakaa kwenye kichwa cha meza, upande wa njia ya korido. Hapo ndipo pazuri kuliko pote: hakuna ukuta nyuma yake, hakuna anayembana, anarudi nyuma na kuinuka moja kwa moja. Meza ina 130, kiti chake na yeye 60 hivi, mnabaki na kama mita nzima ya kupita nyuma yake. Mikono ya kiti chake isizidi sentimita 66 kutoka sakafuni, ili iingie chini ya ubao. Hiki kipimo watu hukisahau. Kiti kinakuja kizuri, mikono inagonga meza, basi bibi anakula akiwa mbali na sahani, mchuzi unaishia kifuani.

Miguu ya meza isiwe minne ya pembeni. Meza ya upana wa 70 yenye miguu minene pembeni inamwachia mtu wa kichwani nafasi finyu ya magoti, na wale wa kwenye benchi watagonga mguu kila wakiteleza. Mwambie fundi atengeneze miguu miwili ya umbo la T iliyogeuzwa, kila mmoja uingie ndani kama sentimita 25 kutoka mwisho wa ubao. Nyayo zake ziwe na urefu usiopungua 55, la sivyo mtoto akiegemea kona meza itainama.

Friji itabidi ihame. Kwenye ukuta wa kulia, kati ya mlango unapofungukia na kabati la TV, pana nafasi yake. Acha kama kiganja nyuma yake ipumue, maana ile joto unayoihisi ubavuni ndiyo inayotolewa kutoka ndani, ukiibana inafanya kazi mara mbili na luku inakimbia. Kama soketi iko mbali, usiburute waya wa ekstensheni chini ya njia ya kupita. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ahamishe soketi, na mwenye nyumba ajue.

Ukisema sofa ya sendofu haitoki hata iweje, hatugombani, ila ujue unachokipata. Kuna meza ya mabawa: sehemu ya katikati nyembamba, sentimita 25 au 30, na mbao mbili zinazoning'inia pembeni kwa bawaba. Ukitaka kula unainua bawa na mguu unafunguka kama geti kulishikilia. Ni ubunifu wa zamani sana, Waingereza walikuwa wanazitumia tangu karne ya 17, na mpaka leo sijaona kilicho bora kwa nyumba finyu. Lakini ikikunjwa bado inahitaji pa kusimama, na ikikunjuliwa bado inahitaji viti, na viti ni vilevile. Itabidi angalau ile sofa moja ya mtu mmoja iondoke. Kuna pia ubao wa kukunja ukutani. Unafaa kwa bibi na mtoto mmoja wa kufanya homuweki, si kwa watu sita. Zile meza za kati zinazopanda juu kwa springi mimi sizipendi kwa kula: unabaki umekaa kwenye sofa, umezama, unakula ukiwa umeinama, na springi za bei nafuu zikichoka zinakuangushia ubao kwenye vidole. Na kama mmebanwa na hela mwezi huu, kiti kimoja kizuri cha mikono na meza ndogo ya bibi, wengine wote mkekani karibu yake, inakubalika kabisa. Wazee wengi hukaa hivyo na hakuna anayejisikia vibaya. Siku bibi akitaka kula mezani na wajukuu, ndio utarudi kwangu.

Usiniambie habari ya wageni. Siku ya Idi au Krismasi hapa Dar mgeni anajipakulia mezani halafu anakwenda kukaa na sahani yake popote, sofani, barazani, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwa wageni meza ni ya kupakulia. Viti vinne vya plastiki vilivyopandana nyuma ya mlango wa chumbani vinatosha.

Kuhusu mbao niongee kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Mbao haifi ikishakatwa. Inaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na hewa ya Dar, hasa miezi ya masika kuanzia Machi mpaka Mei, ina unyevu mwingi. Inapokunywa inatanuka kwenda upana wake, kukatisha nyuzi, na kwenda urefu haibadiliki karibu kabisa. Ndiyo maana meza iliyofungwa skrubu zilizobana kila mahali inapasuka katikati: ubao unataka kusogea, skrubu zinakataa, mwisho ubao unajitafutia njia. Fundi anayejua kazi anatoboa matundu marefu chini ya ubao ili skrubu iteleze. Muulize tu, "Ubao huu utatanukia wapi?" Akikushangaa, shukuru na uendelee na safari. Kama ni meza ya mabawa, aache pengo la milimita 2 au 3 kati ya mbao, vinginevyo masika ikifika bawa litakwama na mtalifungua kwa nyundo.

Mninga ni mtulivu, unasogea kidogo, na si mzito kupita kiasi. Ubao wa 130 kwa 70, unene wa inchi moja, unakuja kama kilo 14. Mkongo ni mzito zaidi, mzuri kwa meza isiyohama. Mtiki nao ni mtulivu na una mafuta yake, maji hayauhangaishi sana. Paini, ile inayoshuka kwa malori kutoka Sao Hill kule Mufindi, ni laini, kucha inaacha alama, lakini kwa benchi na miguu inafaa ikipigwa vanishi vizuri. Zote hizo ziwe kavu. Mbao mbichi iliyopigwa randa leo inang'aa kama kioo, na miezi mitatu baadaye inapinda kama ulezi uliopigwa na upepo.

MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, siikatai kwa ubao wa juu. Miguu yake ndiyo ninayoikataa, kwa sababu ya deki. Sisi tunadeki kila siku, wengine mara mbili. Maji yanasimama kwenye ukingo wa mguu, MDF inayanyonya kutoka chini, na baada ya miezi michache unaona mguu umevimba kama kifundo cha mtu aliyeteguka. Hairudi tena. Hata mguu wa mbao nzima uwekewe kipande cha mpira au chuma chini, ili uinuke unene wa kidole kutoka sakafuni.

Na miguu yote ifungwe kwa bolti, isigundishwe. Hili nimelipia ada. Zamani nilimtengenezea mteja wa Magomeni, ghorofa ya tatu, meza ya mninga ya futi 6. Nilipima sebule, nikapima mlango, nikapima na dirisha kwa kujiona mjanja. Ngazi sikuzipima. Kwenye kona ya ghorofa ya pili meza ikakwama, haipandi, haishuki, watu wanataka kupita na ndoo za maji. Miguu nilikuwa nimeitia gundi kwa fahari, ili isilegee milele. Nikaagiza msumeno, nikakata miguu minne ya mninga pale ngazini, mwenye meza amesimama juu yangu ameshika kiuno. Hakusema kitu, na ndicho kilichoniuma. Yako ikiwa na bolti nane, siku ya Chanika inafunguliwa, inalala kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na magodoro. Kule mwambie fundi akutengenezee ubao mpana zaidi, miguu ni ileile.

Kuna mahali ambapo maneno yangu ya mbali hayatoshi. Ukiamua kufunga ubao wa kukunja ukutani, usimpe kijana yeyote mwenye drili. Lazima mtu aje auguse ukuta: matofali ya ndani yana matundu au yamejaa, lipu imeshika au inamung'unyika kwa chumvi, waya wa soketi unapita wapi. Mtu mzima akiegemea ubao ule, fisha, zile plastiki zinazoshika skrubu ukutani, zikiwa zimetiwa kwenye lipu mbovu zinatoka na kipande cha ukuta. Ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Na kiti cha bibi, kabla hujakilipia, muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakayemwona ni kimo gani kinamfaa. Mimi najua viti, magoti siyajui. Kama amefanyiwa upasuaji au atafanyiwa, wanaweza kutaka kiti kirefu zaidi ya hiyo 45 yangu, na kiti kikipanda na meza lazima ipande.

Kabla hujatoa advansi, rudia ile kazi ya kanga kwa vipimo vipya: mita 1.3 kwa sentimita 70. Weka ndoo mbili na ubao mahali pa benchi. Sofa za kuondoka zisogeze uani kwa siku tatu, usiziuze bado. Mle hapo, mkiwa watu wote, hata dada. Kama njia ya koridoni inakubana, mwambie fundi apunguze urefu wa meza mpaka 120, watoto watabanana kidogo na hawatalalamika. Kama bado inabana, nitumie picha ya chumba ukiwa umesimama mlangoni na nyingine ukiwa koridoni. Huenda kuna nguzo au mlango unaofungukia ndani ambao hukuutaja.